Mwongozo Kamili wa Kuainisha Upya Konokono Wadogo wa Nchi Kavu

Konokono aitwaye Angustopila psammion, aliyeelezwa mwaka 2022 kutoka Vietnam, ana gamba lisilofika milimita 0.7 kwa upana, na sehemu ya pili ya jina lake imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya chembe ya mchanga. Wanyama wa kadiri hii wamekuwa wakipewa majina kwa zaidi ya karne mbili. Wengi wao walielezwa kwa msingi wa magamba mawili matatu matupu yaliyotazamwa kwa lenzi dhaifu, wakaandikiwa mistari michache ya Kilatini bila mchoro, kisha magamba hayo yakafungiwa kabatini. Matokeo yake ni kwamba spishi nyingi zimewekwa katika jenasi zisizo zao, nyingine zina majina matatu au manne kwa mnyama yule yule, na nyingine ni spishi mbili zilizojificha chini ya jina moja.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kurekebisha mambo hayo hatua kwa hatua, kuanzia maktaba hadi chapisho. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye msingi wa biolojia, awe mwanafunzi, mtunzaji wa makumbusho au mpenzi wa konokono anayeshirikiana na maabara. Jambo moja litajirudia katika hatua zote, nami nalisema mapema kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi: jina la kisayansi limefungwa kwenye gamba fulani lililohifadhiwa mahali fulani, si kwenye maelezo, wala si kwenye picha ya kitabuni. Asiyejua gamba hilo liko wapi na linaonekanaje hajui bado anaainisha nini.

Hatua ya kwanza: kuchagua kundi

Usianze na spishi moja peke yake. Spishi huainishwa kwa kulinganishwa na jirani zake, kwa hiyo chagua kundi linaloweza kushughulikiwa kwa ukamilifu, kama vile jenasi moja au spishi zote za jenasi hiyo katika eneo linaloeleweka kijiografia. Jenasi yenye spishi 10 hadi 20 inatosha kabisa kwa kazi ya kwanza.

Hatua ya pili: kukusanya maandishi yote

Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia mwaka 1758, mwaka wa toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus, Systema Naturae. Orodhesha kila jina lililowahi kutumika kwa kundi lako tangu wakati huo, yakiwemo majina ya nususpishi na yale yaliyokwisha kutangazwa kuwa visawe, yaani majina tofauti ya spishi ile ile. Kwa kila jina andika mwandishi, mwaka, ukurasa, jenasi ya asili, mahali palipotajwa kuwa asili ya sampuli, idadi ya magamba aliyokuwa nayo mwandishi ikiwa alisema, na jumba la makumbusho lililoyapokea. Hifadhidata ya MolluscaBase ni mahali pazuri pa kuanzia, ila haiwezi kuchukua nafasi ya kusoma maelezo ya asili. Makosa ya tarehe na ya tahajia hurithiwa kutoka orodha moja hadi nyingine kwa miaka mingi, na hukatika tu pale mtu anapofungua chapisho lenyewe.

Kazi kubwa za zamani zitakusaidia sana. Kitabu cha Henry A. Pilsbry kuhusu konokono wa nchi kavu wa Amerika Kaskazini, kilichotoka kati ya mwaka 1939 na 1948, bado kinatumika kila siku, na tafiti za Alan Solem kuhusu konokono wadogo wa visiwa vya Pasifiki zilionyesha jinsi hadubini ya elektroni inavyofichua mambo ambayo jicho la kawaida haliyaoni. Zisome kwa heshima, lakini kumbuka kwamba waandishi hao hawakuwa na DNA, na familia nyingi walizozitumia zimegawanywa tangu wakati huo.

Hatua ya tatu: kutafuta gamba linalobeba jina

Hapa ndipo kazi inapoanza kwa kweli, nami nashauri itengewe muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Gamba linalobeba jina linaweza kuwa la namna kadhaa. Ikiwa mwandishi wa asili aliteua gamba moja tu, hilo ni holotaipu. Ikiwa alikuwa na magamba kadhaa bila kuteua lolote, yote kwa pamoja ni sintaipu, na mtafiti wa baadaye anaweza kuchagua moja wapo liwe lektotaipu. Yaliyobaki huitwa paralektotaipu na hayabebi jina tena. Ikiwa yote yamepotea, kuna uwezekano wa kuteua neotaipu, yaani gamba jingine la kubeba jina badala ya yaliyopotea, lakini kwa masharti makali yatakayoelezwa hapa chini.

Andikia makumbusho, uliza kwa jina la asili la spishi (kwa kuwa kabati huenda halijawahi kusasishwa), na omba picha za gamba pamoja na picha za lebo zote. Lebo ni ushahidi sawa na gamba lenyewe. Mwandiko wa mwandishi wa asili, namba ya orodha na jina la mahali vinaweza kuthibitisha au kukanusha kwamba sampuli hiyo ndiyo aliyoitazama. Ikiwezekana nenda mwenyewe, kwa sababu magamba ya milimita moja au mbili hayapendi kusafirishwa: huvunjika, hunasa kwenye pamba, au huruka kutoka kwenye kibano na kupotea sakafuni. Nimewahi kufungua kichupa kilichoandikwa kuwa na sintaipu tatu nikakuta vipande na vumbi jeupe tu, na tangu siku hiyo sigusi gamba linalobeba jina kwa kibano cha chuma. Brashi nyembamba iliyoloweshwa ncha inatosha, na kazi yote ifanyike juu ya sinia yenye kingo.

Vumbi hilo jeupe lina maelezo yake. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao za makabati, kadibodi na vizibo hushambulia kalsiamu ya gamba na kuacha chumvi juu ya uso wake, na ugonjwa huu hufuta kwanza michoro midogo ambayo ndiyo unayoihitaji. Ukiuona, mwarifu mtunzaji mara moja, hata kama hakukuuliza.

Ukikuta sintaipu zenye spishi mbili zilizochanganyika, jambo la kawaida sana kwa konokono wadogo waliochekechwa kwa pamoja, utalazimika kuteua lektotaipu. Chagua gamba linalolingana na maelezo ya asili, hasa vipimo na mchoro ikiwa upo, na linalohifadhi matumizi ya jina yaliyozoeleka. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo toleo lake la nne limekuwa likitumika tangu tarehe 1 Januari 2000, uteuzi uliofanywa baada ya mwaka 1999 lazima uwe na tamko la wazi kwamba unateua kwa makusudi. Neotaipu nayo huruhusiwa pale tu utambulisho wa spishi unapohitaji kuwekwa wazi. Hairuhusiwi kwa sababu tu kwamba makumbusho ingependa kuwa na moja. Lazima ueleze hatua ulizochukua kuitafuta sampuli ya asili, neotaipu itoke karibu iwezekanavyo na mahali pa asili, na ihifadhiwe katika taasisi inayotambulika.

Hatua ya nne: kurudi mahali pa asili

Gamba la zamani mara nyingi ni tupu na limechakaa, kwa hiyo unahitaji sampuli mpya kutoka mahali pale pale palipotajwa na mwandishi wa asili, au karibu napo. Pata kwanza vibali vya kukusanya na vya kusafirisha sampuli. Pasipo hivyo kazi yote inayofuata haina uhalali.

Konokono wadogo hawatafutwi kwa macho peke yake. Kusanya majani yaliyooza pamoja na tabaka la juu la udongo, kaushia ndani polepole bila jua kali, kisha pitisha kwenye machekeche yenye matundu yanayopungua, kwa mfano milimita 10, 2 na 0.5. Ikiwa unashughulikia spishi zilizo chini ya milimita moja, chekeche la mwisho liwe na matundu madogo zaidi, kwa sababu la milimita 0.5 litawapitisha walio wachanga. Kwenye miamba ya chokaa tumia njia ya kuelea: mimina udongo mkavu ndani ya ndoo ya maji, koroga, na magamba matupu yenye hewa yatapanda juu na kuenguliwa kwa chujio laini. Njia hii hutoa maelfu ya magamba kwa muda mfupi, ila konokono hai huzama, hivyo usiitegemee kwa ajili ya tishu.

Konokono hai wagawe katika mafungu mawili. Wanaokusudiwa kuchunguzwa viungo vya ndani wazamishwe majini ndani ya kichupa kilichojaa hadi ukingoni mpaka walegee na kutoka nje ya magamba, ndipo wahamishiwe kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Wanaokusudiwa kwa DNA waingizwe moja kwa moja katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Hapa kuna mtego: konokono mdogo akiguswa na ethanoli hujivuta ndani kabisa na kuziba njia, kiowevu hakimfikii, na tishu huoza ndani ya gamba lililo zima kwa nje. Toboa tundu dogo kwenye baadhi ya magamba kwa sindano nyembamba, na ubadilishe ethanoli baada ya siku moja.

Andika kwa kila sampuli koordineti, mwinuko, aina ya mwamba, uoto na tabaka alimopatikana. Taarifa za makazi si pambo; zitatumika kama ushahidi wakati wa kuamua.

Hatua ya tano: kulisoma gamba

Anza kwa kuwatenga waliokomaa na wasiokomaa. Katika makundi mengi konokono akikomaa huongeza unene kwenye mdomo wa gamba au huukunja nje, na meno ya ndani hukamilika wakati huo. Zipo spishi zilizoelezwa zamani ambazo baadaye ziligundulika kuwa watoto wa spishi nyingine. Jenasi kama Punctum ni ngumu zaidi kwa sababu mdomo wake hauna dalili ya ukomavu, hivyo utalazimika kulinganisha kwa idadi ya mizunguko badala ya ukubwa.

Pima kimo, upana, kimo na upana wa mdomo, na upana wa kitovu, yaani tundu lililo upande wa chini katikati ya gamba. Hesabu mizunguko hadi robo ya mzunguko kwa njia moja isiyobadilika, na uieleze njia hiyo katika chapisho. Lengo liwe magamba 20 hadi 30 yaliyokomaa kwa kila kundi yanapopatikana. Kosa dogo la kulilaza gamba lingeleta tofauti isiyo na uzito kwa konokono wa sentimita tatu; kwa konokono wa milimita moja laweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya kweli kati ya spishi mbili. Kwa hiyo pima magamba kadhaa mara tatu kwa siku tofauti, ili ujue ukubwa wa kosa lako mwenyewe kabla ya kutafsiri takwimu.

Kisha tazama mambo ambayo rula haiyapimi: gamba la kiinitete lililo kileleni, michoro ya uso wake, kina cha mshono kati ya mizunguko, umbo la mdomo, na meno. Meno huvutia sana macho, na ndiyo yaliyozaa majina mengi yasiyo ya lazima. Idadi yake inaweza kubadilika ndani ya kundi moja linaloishi chini ya gogo moja. Kazi za Jeffrey Nekola na wenzake juu ya jenasi Pupilla, zilizolinganisha DNA na sifa za gamba, zimeonyesha kwamba mtu anayetegemea sifa hizo za jadi bila kuangalia michoro ya uso hupotoka kwa urahisi. Lakini pia usiyadharau meno. Carychium minimum na Carychium tridentatum, wote wawili wa takriban milimita mbili, hutenganishwa vizuri kwa umbo la ubapa (jino refu na jembamba) ulio ndani ya gamba, ambao huonekana kupitia gamba bichi linalopitisha mwanga, au kwa kufungua dirisha dogo ubavuni. Linalohesabika zaidi ni umbo na mkao wa jino, si idadi peke yake.

Hadubini ya elektroni itakupa michoro ya uso kwa uwazi usio na mbadala. Magamba ya kawaida hupakwa dhahabu kabla ya kutazamwa, lakini gamba linalobeba jina lisipakwe chochote. Omba mashine inayofanya kazi katika ombwe hafifu. Kwa meno ya ndani, picha za tomografia ya eksirei zinamwezesha mtafiti kulitazama gamba ndani bila kulivunja, na zimesaidia sana kwa konokono wa mapangoni wa jenasi Zospeum, ambao kwa nje hufanana mno.

Hatua ya sita: mwili laini na DNA

Viungo vya uzazi, ambavyo ni msingi wa uainishaji wa konokono wakubwa, mara nyingi havisaidii hapa. Katika Vertigo na Vallonia, kwa mfano, konokono wengi wa spishi hizo hawana kabisa sehemu ya kiume ya nje, na wanaweza kujirutubisha wenyewe. Jambo hilo la kujirutubisha lina athari nyingine: makundi ya jirani yanaweza kutofautiana kijenetiki bila kuwa spishi tofauti.

Piga picha kamili za kila gamba kabla ya kuchukua DNA, kwa kuwa mnyama wa ukubwa huu kwa kawaida hutumika wote. Ikiwezekana acha angalau gamba moja zima kutoka kundi lile lile liwe shahidi, na uliandike kwa namba inayoliunganisha na mfuatano wa DNA. Soma jeni mbili au zaidi zenye historia tofauti: COI au 16S kutoka mitokondria, na ITS2 au 28S kutoka kiini cha seli. Ikiwa mitokondria na kiini vinatoa miti ya nasaba isiyolingana, usifiche tofauti hiyo wala usiunganishe data haraka ili mti uonekane nadhifu. Onyesha miti yote miwili.

Jihadhari na kipimo cha asilimia. Kwa wanyama wengine tofauti ya asilimia mbili au tatu katika COI huchukuliwa kuwa mpaka wa spishi, lakini konokono wa nchi kavu wanaweza kutofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya spishi moja. Mtu anayekata mti kwa asilimia peke yake atazalisha spishi za uongo kwa wingi, na wengine watatumia miaka kuzifuta.

Hatua ya saba: kuamua

Weka ushahidi wa aina nne kando kando: DNA ya mitokondria, DNA ya kiini, gamba, na makazi pamoja na mtawanyiko. Nekola na wenzake wametumia utaratibu wa kukubali mpaka wa spishi pale sehemu kubwa ya ushahidi huu unaojitegemea inapokubaliana, nami sijaona njia iliyo ya haki zaidi. Ushahidi wa aina moja ukisimama peke yake dhidi ya yote, tafuta sababu kabla ya kuuamini.

Uamuzi unaweza kuwa kuihamisha spishi kwenda jenasi nyingine, kuyaunganisha majina mawili, kuipandisha nususpishi iwe spishi, au kuigawa spishi. Kabla ya kutoa jina jipya, hakikisha hakuna jina la zamani miongoni mwa visawe linaloweza kufufuliwa, maana mara nyingi mtu alikwisha kuwaona wanyama hao miaka 100 iliyopita. Ikiwa gamba linalobeba jina ni la mtoto au limeharibika kiasi cha kutotambulika, lieleze jina hilo kuwa la mashaka na uliache hivyo. Kukiri hivyo ni matokeo kamili ya utafiti.

Hatua ya nane: sheria na sarufi ya jina

Kati ya majina mawili ya spishi moja, lililotangulia kuchapishwa ndilo halali. Lipo lango la kuokoa jina lililozoeleka: ikiwa jina la zamani halijatumika kama halali tangu baada ya mwaka 1899, na jina changa limetumika katika angalau kazi 25 za angalau waandishi 10 ndani ya miaka 50 iliyopita, kwa kipindi kisichopungua miaka 10, jina changa linaweza kubaki. Orodhesha kazi hizo 25 waziwazi.

Spishi ikihamia jenasi nyingine, jina la mwandishi wa asili huingizwa kwenye mabano, na kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya kisarufi ya jenasi mpya. Draparnaud alipomwita konokono wake Helix pygmaea mwaka 1801, kivumishi kilikuwa cha kike; leo tunaandika Punctum pygmaeum (Draparnaud, 1801), kwa sababu Punctum si ya kike wala ya kiume. Jina ambalo ni nomino halibadiliki. Angalia pia kama jenasi mpya tayari ina spishi yenye jina lile lile la pili, kwani ikiwa ipo, jina lililo changa zaidi litahitaji mbadala.

Hatua ya tisa: kuchapisha na kurudisha

Chapisho likiwa la kielektroniki pekee, lazima lisajiliwe ZooBank, rejista rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na uthibitisho wa usajili uonekane ndani yake. Weka mifuatano ya DNA katika GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano hiyo, na uwape wahariri wa MolluscaBase nakala. Rudisha magamba yaliyoazimwa pamoja na lebo zake zote za zamani, ukiongeza lebo mpya yenye uamuzi wako, jina lako na tarehe, bila kuondoa hata moja iliyokuwepo.

Mwisho, ziarifu mamlaka za uhifadhi. Spishi nne za Vertigo zimetajwa kwa majina katika Agizo la Makazi Asilia la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992, na mabadiliko ya jina au ya mipaka ya spishi kama hizo hugusa ulinzi wa ardhi halisi. Kwa spishi zinazoishi kwenye kilima kimoja cha chokaa haraka ni kubwa zaidi. Plectostoma sciaphilum, aliyeelezwa mwaka 1952 akiwa katika jenasi Opisthostoma, alijulikana kutoka kilima cha Bukit Panching nchini Malaysia peke yake. Kilima hicho kilichimbwa chote, na jina lake la sasa limebaki kwenye magamba yaliyo katika makumbusho.